Simu ya Mkwe Jikoni

Helen hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kukiona mara moja. Hata akienda ufuoni Homa Bay kununua samaki, humfunua matamvua, akamnusa, akambonyeza tumbo, kisha akamuuliza mwenye samaki swali lile lile mara mbili aone kama jibu litageuka. Wachuuzi walimjua. Wako waliokuwa wakimwona kwa mbali tu wanafunika beseni na kusema samaki wamekwisha.

Basi mtu wa namna hiyo umletee wageni wa posa kutoka Kuria, unatarajia nini? Wiki nzima hakulala vizuri. Chuki hakuwa nayo, la, lakini alikulia kwenye hadithi za ng'ombe waliotoweka, na alama za kwato zao kila mara zilikuwa zimeelekea upande ule ule wa Wakuria. Wakuria nao wana hadithi zao kuhusu Wajaluo, na ukizisikia hutacheka. Kila upande una wake wa kulaumu, na huko mpakani watu wanaoana hivyo hivyo huku wakilaumiana.

Kijana mwenyewe aliitwa Mirumbe. Alikuwa na duka la spea za pikipiki Suna, mjini Migori, ng'ambo ya barabara kutoka kibanda ambamo Risper, binti yake Helen, alikuwa akishona nguo. Wakasalimiana, wakazoeana, wakapendana. Mjumbe alikwisha kuja na kurudi, na Jumamosi hii jamaa za Mirumbe walikuwa wanakuja kumwomba Risper rasmi.

Kilichomnyima Helen usingizi hasa ni Awino.

Awino ana miaka sita. Risper alimzaa akiwa kidato cha tatu, na aliyempa mimba alihamia Nairobi kabla tumbo halijaonekana, kama ilivyo kawaida ya mashujaa wa aina hiyo. Helen akasema, mtoto ni wangu. Akambeba mwenyewe kutoka hospitali, akamlea kwa maziwa ya pakiti na uji, akamlaza kitandani pake, na Risper akarudishwa shule. Awino akamwita Helen mama, na Risper akamwita dada. Hakujua lingine. Akishtuka usingizini alikuwa akipapasa gizani mpaka ashike sikio la Helen, ndipo alale tena.

Risper alitaka Mirumbe aambiwe. Alisema hivyo Krismasi, akarudia Pasaka.

"Mama, huyu mtu ananioa, hanunui mbuzi sokoni. Acha ajue."

"Ajue, halafu?" Helen akamjibu. "Ukifungua huo mdomo, utakachokiona ni mgongo wake. Nani anataka kulea wa mwenzake siku hizi? Olewa kwanza."

Risper akanyamaza, kama alivyozoea kunyamaza tangu kidato cha tatu. Na Alhamisi Helen akampeleka Awino Awendo, kwa mdogo wake Edith, ambaye mumewe ni mfanyakazi wa kiwanda cha sukari. Alimwambia mtoto anaenda kula miwa.

Jumamosi wageni wakafika kabla ya chakula cha mchana. Helen alikuwa dirishani, nyuma ya pazia, akiwachungulia. Alisikia muziki kabla ya kuliona gari. Gari liliposimama, Mirumbe akateremka na simu mkononi, muziki ukitoka humo. Akaikodolea macho simu yenyewe, akaigusagusa usoni kwa kidole, akasonya, halafu akabana ubavu wake. Muziki ukafifia, ukafifia, ukaisha, naye akaitia mfukoni. Helen akaliona hilo akaliweka moyoni. Mtu amekuja kuposa, na kitu cha kwanza anachoshughulikia ni simu?

Msemaji wao alikuwa Gisiri, ami yake Mirumbe, mzee mrefu mwenye koti la kahawia. Alikuja pia shangazi yake, Boke, na wanaume wengine wawili ambao kazi yao siku hiyo ilikuwa kula na kutikisa kichwa. Upande wa Helen alisimama Zablon, shemeji yake, mzee wa kanisa, kwa niaba ya marehemu kaka yake.

Mirumbe alipomwona Helen mlangoni akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akamsalimia kwa mbali. Ndivyo inavyopasa. Mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawakaribiani, hawaulizani maswali. Wajaluo wana mwiko huo, na Wakuria wanao zaidi. Neno likihitajika kusemwa linapitia kwa mtu mwingine. Mwiko mzuri sana, umezuia matusi mengi duniani, lakini siku hiyo ulimfunga Helen mikono na mdomo.

"Oyawore, mama," Boke akamwamkia, kwa Kijaluo safi kabisa.

Helen akashtuka. "Kumbe unajua Kijaluo?"

"Nisijue? Nauza ndizi soko la Migori tangu sijaolewa. Wateja wangu ni nyinyi!" Boke akacheka, akampiga kofi dogo begani.

Helen hakucheka. Alikuwa amepiga hesabu kwamba kikao kitakuwa cha Kiswahili ili pande zote zielewane, na mambo ya ndani yatasemwa Kijaluo bila wasiwasi. Sasa hata lugha yake mwenyewe ilikuwa imeingiliwa.

Wageni wakakaa sebuleni, Risper akajifungia chumbani kama ipasavyo mpaka aitwe, na Helen akarudi jikoni kwenye samaki wake. Alimsikia Zablon akianza utambulisho kwa sauti yake ya kanisani, akieleza kwamba mwenye boma hili Bwana alimchukua miaka tisa iliyopita, na kwamba tangu hapo mjane amesimama imara. Kabla Zablon hajafika mbali, Boke akaingia jikoni na simu mkononi.

"Simu ya kijana inakaribia kuzima. Huko mbele sijaona pa kuchajia."

"Chomeka hapo, juu ya rafu," Helen akasema. Hakuipokea. Kitu cha mkwe hukishiki tu hivi hivi.

Boke akaichomeka, akaiegemeza kwenye mkebe wa chumvi, akageuka atoke. Hakutoka. Macho yake yaliangukia nyuma ya mlango, kwenye viatu viwili vidogo vyeusi vya shule ambavyo Helen, kwa ujanja wake wote, alikuwa amevisahau.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya mtoto wangu. Kitinda mimba," Helen akasema. Ulimi ulitangulia akili.

"Ana miaka mingapi?"

"Sita."

 Miaka tisa ya marehemu, aliyoitaja Zablon, ilikuwa bado inaning'inia hewani. Boke akavitazama viatu, akatazama upande wa sebuleni ilikotoka sauti ya Zablon, kisha akatabasamu tabasamu la mtu mzima.

"Ah, nimeelewa. Kwenu mjane hurithiwa na ndugu ya mume."

Helen angeweza kukanusha. Hakukanusha. Akamwacha Zablon wa watu, mzee wa kanisa, mume wa mke mmoja, apakwe matope akiwa katikati ya utambulisho, naye akainama kupunguza moto. Boke akatoka akiguna.

Alipobaki peke yake ndipo mashaka yakampanda. Huyu mama amekuja kuchaji simu au amekuja kupekua? Mbona sebuleni kuna soketi mbili? Kweli, moja imeungua tangu mwezi jana, na nyingine ina redio ya Zablon. Lakini hilo Boke alilijuaje? Na mbona aliiegemeza ile simu ikasimama wima, uso wake ukitazama jikoni nzima, badala ya kuilaza kama watu wanavyolaza simu? Mwenye macho haambiwi tazama.

Simu yake mwenyewe ikalia. Alikuwa Edith, kutoka Awendo. Helen akasogea pembeni, karibu na rafu, akaziba mdomo kwa kiganja na kusema Kijaluo kwa sauti ya chini.

"Mbona unanipigia saa hizi?"

"Dada, Awino amekataa kula. Analia tu, anakutaka wewe."

"Mbembeleze. Mwambie mama anakuja kesho."

"Kwani hamuwezi kuwaambia hao watu ukweli mkamaliza?"

"Niwaambie nini?" Helen akawaka. "Kwamba Risper ameshazaa? Unataka wageuze gari hapa hapa? Edith, huyo mtoto nimemficha miaka yote hii, sitashindwa na siku moja. Mfungie ndani, asionekane na mtu yeyote anayetujua mpaka nikupigie."

Akakata. Akapumua. Na papo hapo, mbele ya pua yake, simu ya Mirumbe ikawaka. Ilikuwa imeingia tu meseji, lakini mwanga ule ulimtoa Helen roho.

Kwenye kioo cha simu iliyofungwa palikuwa na picha ya Risper, siku ya harusi ya binamu yake, amevaa gauni jeupe na kusimama mbele ya ukuta mweupe wa kanisa. Weupe juu ya weupe. Chini ya saa palikuwa na kitu kingine, maandishi na alama fulani, lakini navyo vilikuwa vyeupe, vimezama kwenye lile gauni usiweze kuvitofautisha na mikunjo ya kitambaa. Kilichoonekana ni namba tu, kwa sababu ziliangukia kwenye misuko myeusi ya Risper. Na namba zilikuwa zinakimbia. 41:07. 41:08. 41:09. Hakuna sauti. Hakuna mtu anayeongea. Zinapanda tu, polepole, kama mtu anayekuhesabia.

 Namba za namna hiyo alikuwa ameziona mara moja maishani. Jirani yao Wesley aligombana na nduguye juu ya mpaka wa shamba, na siku ya ugomvi alikuwa ameweka simu mezani, kimya, namba zinapanda. Wiki iliyofuata matusi yote ya ndugu yule yalichezwa mbele ya chifu na umati, neno kwa neno, hata kikohozi chake kikasikika. Mwenye matusi aliaibika mpaka akahama kanisa.

"Yawa, jamani," Helen akanong'ona. "Wananirekodi."

Sasa kila kitu kikakaa mahali pake. Ndiyo maana kijana aliishughulikia simu langoni. Ndiyo maana Boke akaisimamisha wima. Dakika arobaini na moja! Wamesikia mazungumzo na Edith. Wamesikia ameshazaa. Na Kijaluo Boke anakijua, atawatafsiria neno kwa neno huku wakirudi na gari lao.

Angefanya nini? Kumwendea Mirumbe amwulize, haiwezekani, ni mkwe. Kumwita Zablon katikati ya kikao, wageni watajua ameshtuka. Akachukua kitambaa cha kushikia sufuria, akakizungushia mkononi, kwa kuwa hata katika balaa hilo hakutaka ngozi yake iguse kitu cha mkwe, akaacha ncha ya kidole kimoja tu nje. Akaanza kutafuta pa kuizima.

Aliikaribia, akaisogeza mbali, akainamisha kichwa. Pale penye kiuno cha Risper aliona kama kuna alama, huenda ni vijiti viwili vimesimama, huenda ni mkunjo wa gauni. Akagusa. Hakuna. Akagusa bega. Hakuna. Kioo kikajizima, naye akakiwasha tena kwa kukipapasa. 42:30. Akagusa upande wa kulia, kwenye mkono wa gauni, ambapo hapakuonekana kitu chochote.

Namba zikaruka. 0:01. 0:02. 0:03.

"Nyasaye, Mungu wangu, imetuma!" Helen akasema kwa sauti. Ile ya kwanza imekamilika, imehifadhiwa, na sasa imeanza nyingine. Alitazama sufuria ya samaki ikichemka na, nakwambia ukweli, alifikiria kuitumbukiza simu humo ndani. Mchuzi ungeila. Lakini angesema nini? Kwamba iliruka yenyewe?

Wakati angali anafikiria, Boke akaingia. Helen akaficha kitambaa nyuma.

"Naona imepata moto kidogo, inatosha," Boke akasema, akaichomoa, akaenda nayo. Helen akamfuata kwa macho kupitia upenyo wa mlango. Boke akampa Mirumbe. Mirumbe akaitazama, akakunja uso. Akamwinamia Gisiri sikioni na kumnong'oneza jambo kwa Kikuria. Gisiri akageuza kichwa akatazama moja kwa moja upande wa jikoni.

Basi. Wameshajua.

Zablon akamwita. Ulikuwa wakati wa mama wa binti kuulizwa kama ameridhia. Helen akaingia, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akampa Mirumbe ubavu.  Gisiri akakohoa, akaweka mikono yake mikubwa juu ya magoti.

"Mama mwenye binti, tumepokewa vizuri na tumesikia vizuri. Kwetu kabla ya kuendelea kuna swali tunalouliza kila nyumba. Je, kuna jambo lolote ambalo tunapaswa kulijua, lisije likatukuta mbele ya safari?"

Swali hilo Gisiri aliwahi kuliuliza katika kila posa aliyoisimamia. Zablon naye alilitarajia, na jibu lake lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Helen hakusikia swali la kila nyumba. Alisikia mtego. Wanayo sauti yangu, akawaza, na wanataka nikane kwanza, ndipo wanichezee nikiwa nimekana. Kama yule nduguye Wesley. Hapana. Heri niaibike kwa mdomo wangu kuliko kwa simu yao.

Akasimama.

"Mzee Gisiri, usinizungushe. Mnajua. Mmenirekodi jikoni kwangu, sauti yangu iko mfukoni mwa huyo kijana. Nitasema mwenyewe kabla hamjaicheza mbele ya watu."

"Mama Risper!" Zablon akaita, kwa sauti ya mtu anayeona gari linabingirika.

"Niache, shemeji. Risper ana mtoto. Viatu nyuma ya mlango ni vya mtoto wake. Alimzaa akiwa shule, mimi nimemlea tu. Nimemficha Awendo ili msimwone. Risper alitaka mwambiwe, mimi ndiye niliyekataa. Kama ni ubaya, ubaya ni wangu. Haya, sasa zima hicho kidude chako."

 Hata wale wanaume wawili waliacha kutikisa vichwa. Mlango wa chumbani ukafunguka kidogo, kisha ukabaki hivyo.

Gisiri ndiye aliyesema kwanza. "Mama, sauti ipi?"

"Hiyo ya kwenye simu! Namba zinapanda, nimeziona kwa macho yangu!"

Mirumbe akatoa simu mfukoni, akaitazama kama mtu aliyeambiwa ana nyoka. Kisha, macho yakiwa sakafuni, akaongea na ami yake, ingawa kila mtu alikuwa anamsikia.

"Ami, mwambie mama hakuna aliyemrekodi. Huu ni muziki. Niliupiga kwenye gari, ni miziki mirefu ya kuunganishwa, saa nzima nzima. Tulipofika nilitaka kuusimamisha, lakini simu ikiwa imefungwa sijawahi kuona pa kusimamishia, picha ya Risper ni nyeupe na alama zenyewe nyeupe. Nimezoea kubana sauti tu hadi isisikike, muziki unabaki ukicheza kimya. Ilikuwa hivyo huko jikoni, na mtu akiigusa huruka tu kwenda wimbo mwingine."

Akabana ubavu wa simu. Gitaa na ngoma zikalipuka sebuleni kwa furaha yote, mwimbaji akiwaita watu wainuke wacheze. Mmoja wa wale wanaume akaanza kucheka, akaona sura ya Gisiri, akakimeza kicheko. Mirumbe akabana tena mpaka pakawa kimya.

"Na ulichomnong'oneza?" Helen akauliza.

"Alikuwa ananiomba nimuulizie choo," Gisiri akasema. "Angekuulizaje wewe?"

Boke akajishika mdomo. "Kumbe nimemsingizia mzee wa kanisa!"

"Umenisingizia nini?" Zablon akauliza.

Helen akaketi. Alitaka ardhi ipasuke, lakini ardhi haina adabu hiyo. Siri aliyoilinda miaka yote ameitoa yeye, kwa mdomo wake, mbele ya watu ambao hawakuwa na habari nayo. Wageni wakaomba ruhusa, wakatoka nje kushauriana kando ya gari. Kwa dirisha Helen aliwaona Gisiri na Boke wakizungumza kwa mikono, na Mirumbe amesimama mbali nao, ameegemea gari. Ameipa nyumba mgongo.

Risper akatoka chumbani. Helen alijiandaa kwa kilio, kwa lawama, kwa chochote.

"Hatimaye umesema, mama," Risper akasema taratibu. Macho yake yalikuwa makavu. Akaketi kando yake, wakangoja.

Waliporudi, Mirumbe aliingia wa mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu. Gisiri hakukaa.

"Mama, wahenga walisema mficha uchi hazai. Nyinyi mmezaa kwanza, ndipo mkaficha. Nimesimamia posa nyingi, hii ni mpya." Sauti yake ikashuka. "Kijana wetu ameumia. Ameumia kwa kutoaminiwa, na hilo watalimaliza wao wawili, sisi hatuliingilii. Lakini nimemuuliza kama anaondoka, amesema haondoki. La mtoto halina ugomvi. Ukoo wetu hauchukui ng'ombe ukamwacha ndama analia zizini kwa watu. Siku mahari ikipokewa, mtoto huyo ana baba. Tutawachukua wote wawili, na shule atasoma huko huko Suna kwa mama yake."

"Bwana asifiwe!" Zablon akaruka. Boke akapiga kigelegele, wanawake wa jirani waliokuwa wakisikiliza nje ya ua wakakipokea bila kujua kinahusu nini.

Helen peke yake hakupiga.

"Wote wawili?" akauliza.

"Wote wawili, mama."

"Mtoto amezoea hapa," akasema haraka. "Ana shule yake hapa. Ana walimu wake. Hajui Suna. Mwacheni kwanza, akikua atakuja mwenyewe, mtoto hahamishwi tu kama..." Akakosa neno. Alimtazama Zablon amsaidie, lakini Zablon alikuwa anamkumbatia Gisiri.

Hapo ndipo Helen alipojiona. Kila siku alisema anaficha kwa ajili ya Risper, kwamba Risper asikataliwe. Wamemkubali Risper, wamemkubali na mtoto wake, na moyo wake yeye umeanguka kama uliofiwa. Hofu yake haikuwa hawa watu kukataa. Tangu mwanzo aliogopa siku ambayo mtu atamwambia Awino mama yako ni yule. Aibu ilimshika, na ndani ya aibu bado alikuwa anatafuta sababu ya kukatalia.

"Mama," Risper akasema, akamshika mkono. "Kila siku mtoto wangu ananiita dada, na mimi naitika. Kila siku. Nimechoka kuitika."

Helen akamtazama binti yake na kwa mara ya kwanza akaona alichomfanyia. Akatoa simu yake mfukoni mwa gauni. Akatafuta jina la Edith, akapiga, akampa Risper.

"Mama mdogo, nipe Awino," Risper akasema. Chumba kizima kilimsikia.  "Awino. Ni mimi. Unakuja kesho, sawa? Nina jambo nataka kukwambia mimi mwenyewe."

Sauti nyembamba ikasikika ikitoka Awendo, yenye mafua ya kulia kwa muda mrefu.

"Sitaki dada. Nipe mama."

Risper akaiteremsha simu, akamnyooshea Helen, machozi sasa yakimtoka. Mkono wa Helen ukainuka wenyewe kuipokea. Ukafika nusu. Akaurudisha mapajani, akaubana kwa mkono wa pili ili usiinuke tena.

"Zungumza naye wewe," akasema. "Amemwomba mama yake."